Naomba ushauri: kusoma Biblia nzima kwa mwaka katika familia ya wakulima

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Ninaandika kutoka Masasi, mkoani Mtwara, ambako mimi na mke wangu tumekusudia kuisoma Biblia yote kwa mwaka mmoja pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa kidato cha pili na mwingine wa darasa la nne.

Mpango unaonivutia ni ule ulioandaliwa mwaka 1842 na mchungaji wa Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, ambao humpa msomaji takriban sura nne kila siku, mbili za kusoma na familia na mbili za faragha, hata akamaliza Agano la Kale mara moja, na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba Walawi husomwa sambamba na Zaburi, kwa hiyo hata siku ya maagizo marefu ya sadaka moyo hupata pa kuombea.

Wasiwasi wangu ni msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, ambapo tunashinda shambani tukiokota, na jioni bado kuna kutenganisha korosho na mabibo, kuanika na kuchambua kabla ya kupeleka ghalani.

Je, miezi hiyo tubaki na sura mbili za familia tu, na zile za faragha tuzitangulize tangu Juni? Na huyu wa darasa la nne, asikilize zote au moja inamtosha? Nitashukuru hasa kusikia kutoka kwa wazazi wakulima waliokwisha kuumaliza mpango huu.