Mjadala: Mchoraji akiuza tisheti za mhusika wa riwaya, mwandishi hana chake?

Mleta mada, Majengo, Moshi

Wakuu, habari za jioni. Nalileta hili hapa kwa sababu kwenye kundi letu la wasomaji limeshageuka matusi, na admini kafunga watu wasiandike.

Kwa wasiojua: kuna dada wa hapa Moshi anaandika riwaya ya fantasia, sehemu kwa sehemu, WhatsApp. Sehemu za mwanzo ni bure. Ukinogewa unalipia kwa M-Pesa, unaunganishwa kundi la pili. Kajenga dunia nzima chini ya mlima, yenye koo zake, viapo vyake na vita vyake. Msingi ni kile kisa tulichosimuliwa sote utotoni: Mawenzi kila mara anakwenda kuomba moto kwa Kibo, hadi Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana kilele chake kimechongoka vile. Dada kamfanya Mawenzi binti, na ule mchi binti kaunyang'anya.

Wasomaji wakaanza kumchora. Mwandishi mwenyewe alikuwa akiiweka michoro statasi na kushukuru. Juzi kati kijana mmoja wa Arusha akachapa tisheti. Nimeishika mkononi: binti kageuka nusu, mchi begani, vazi la ngozi, kovu shavuni. Kazi safi, tusimnyime haki yake. Chini karibu na pindo kuna sahihi ya mchoraji na namba ya simu ya kuagizia. Jina la riwaya halipo. Jina la mwandishi halipo, hata kwa herufi za kutafuta na tochi. Dada kuona vile akaandika kundini kwamba kuanzia sasa ni marufuku kuchora mhusika wake yeyote bila idhini ya maandishi. Kundi likapasuka hapohapo.

Mimi nasema hivi: kwenye tisheti dada ana haki, kwenye marufuku ya kuchora kapitiliza. Mtu akichora usiku akarusha kwenye statasi hampunguzii mwandishi shilingi, anamletea wasomaji. Mimi riwaya hii niliingia kwa mchoro, si kwa sura ya kwanza. Lakini ukishaweka bei umefungua duka, na bidhaa ya kwanza ya duka hilo imetoka kichwani mwa mtu mwingine. Mtu huyo alipwe.

Mchoraji, Ngarenaro, Arusha

Mleta mada unaandika kana kwamba sisi wachoraji tunaokota vitu njiani. Nimeisoma hiyo riwaya. Binti kaelezwa mrefu, macho makali, mchi begani, basi. Sura yake, vazi, namna anavyokanyaga, vyote vimetoka kwenye mkono wa chalii wetu. Leo ukisoma unamwona yule wa kwenye mchoro, kataa.

Tena nenda karudie sehemu za mwanzo unitafutie kovu la shavuni. Halipo! Kovu lilianzia kwenye mchoro. Baada ya watu kulipenda, mwandishi akaliingiza kwenye hadithi, akalitungia na vita lilikopatikana. Alimlipa mchoraji? Alimtaja? Sasa nani kachukua cha nani?

Na huo mchi wenyewe ni wa nani? Wazee wa Uchagani wamepata hata mia?

Tusijifanye hatujui tunavyoishi hapa mjini. Edward Tingatinga alifariki 1972, na mpaka leo maduka ya vinyago ya Arusha yamejaa twiga na ndege wa mtindo wake, waliochorwa na watu ambao hawakumwona hata kwa sura. Kila mmoja wao angedaiwa idhini, huo mtindo ungezikwa naye.

Msomaji, Usa River

Mwandishi atumie akili mnemba kutengeneza jalada na tisheti, kesi imeisha.

Mchoraji, Ngarenaro, Arusha

Atumie. Halafu aone kama hilo kundi la pili litalipiwa tena. Wachoraji ndio waliomtangaza, wakiondoka wanaondoka na watu wao.

Muuza vitabu, Moshi mjini

Mimi nipo kaunta, niwaambie hela inavyokwenda. Duka langu linalishwa na vitabu vya kiada na madaftari. Januari ndiyo sikukuu yangu. Riwaya inakaa rafu ya pembeni. Mwandishi wa namna hii anakwenda kwa mchapaji, na mchapaji anataka malipo ya awali ndipo mashine iwashwe. Nakala ananiletea mali kauli: nikiuza namlipa, nisipouza anakuja kubeba mzigo wake. Msomaji wa Dar anatumiwa kwa basi, na mara nyingi nauli ya kifurushi anaimeza mwandishi ili mteja asikimbie. Nakala hazijaisha, PDF tayari inazunguka kwenye makundi, na anayeirusha anajiita shabiki namba moja.

Kwa hiyo mkiona dada kang'ang'ania tisheti, muelewe. Kitabu kinafowadiwa. Tisheti huwezi kuifowadi. Huenda ndiyo hela pekee ya riwaya hii ambayo haivuji, na mnataka ipite mbali naye.

Msomaji, Njiro, Arusha

Waandishi wetu wajifunze kwa wenzao. Brandon Sanderson, mwandishi wa fantasia wa Marekani, mwaka 2022 aliwaendea wasomaji wake moja kwa moja kupitia Kickstarter, mtandao wa kuchangishia fedha, wakamchangia zaidi ya dola milioni 41. Watu zaidi ya 185,000! Hakupigana na mashabiki, aliwauzia vitabu na vikorokoro kibao. Dada afanye hivyo badala ya kupiga marufuku.

Muuza vitabu, Moshi mjini

Kaka wa Njiro, riwaya ya kwanza ya huyo Sanderson ilitoka 2005. Hao watu alianza kuwakusanya miaka 17 kabla, wakati huo kampuni za uchapishaji zikimsambazia. Halafu hivyo vikorokoro aliviuza yeye, si jirani yake. Mfano wako unambeba mwandishi.

Ukitaka mfano wa mwenye msimamo mkali, George R. R. Martin, yule mwandishi wa Game of Thrones, hataki kabisa mashabiki waandike hadithi kwa wahusika wake. Lakini kalenda za michoro ya dunia yake hutoka, kwa idhini na kwa malipo. Mchoro unaruhusiwa, mkataba ukiwepo.

Mwanasheria mwanafunzi, Sakina, Arusha

Hapo juu mambo yamechanganywa. Sheria yetu ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999. Hakimiliki haingoji usajili, inaanza kazi ikishatungwa. Kuandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakusaidia siku ya ushahidi. Inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kugeuza kazi iwe ya namna nyingine ni haki ya mtunzi, na kutajwa jina ni haki yake pia. Hiyo tisheti isiyo na jina imekanyaga angalau moja waziwazi.

Ila wazo tupu halilindwi. "Binti shujaa mwenye mchi" ni wazo. Kadiri maelezo ya kitabuni yalivyo machache, ndivyo wakili wa mchoraji anavyopata pa kupumulia. Na mchoro nao ni kazi yenye hakimiliki yake: mwandishi hawezi kuuchukua akaubandika jaladani kwa kuwa tu mhusika ni wake.

Tingatinga tumwache apumzike. Ule ni mtindo, na mtindo hauna mwenyewe kisheria. Kuhusu wazee, sheria hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo tusizifanye shamba la bibi, si mwandishi wala mchoraji.

Fundi wa tisheti, Kaloleni, Arusha

Mnaongea sheria, mimi ninachapa. Wateja wa namna hii wanakuja kila wiki na picha kwenye simu, na sijawahi kuulizwa mwenye picha ni nani. Sitaanza kuuliza leo, nina watoto.

Mnaogopa kitu gani kukaa mezani? Toa gharama ya tisheti tupu, toa wino na kazi yangu, kinachobaki wagawane. Na jina la riwaya liwekwe mgongoni, skrini moja tu ya ziada, rangi moja, hata bei haipandi sana. Tatizo si hela, tatizo ni kwamba hao wawili hawajawahi kupigiana simu. Wote wanajibizana kwa statasi.

Mleta mada, Majengo, Moshi

Mangi wa vitabu umeniongezea nguvu, asante. Na fundi kasema kitu cha kufanyika kesho asubuhi: jina mgongoni. Nitamtumia dada hilo akiwa na hasira zake hivyohivyo.

Mchoraji wa Ngarenaro, hoja ya "sura ni ya mchoraji" sikubaliani nayo ikisimama peke yake. Huyo kijana angechora binti yeyote mwenye mchi bila riwaya, nani angenunua? Watu wanavaa tisheti ile kwa sababu walilia kwenye sehemu ambayo binti anamzika kaka yake, na kilio kile kiliandikwa, hakikuchorwa.

Lakini kovu linanisumbua, na naona hata mwanasheria kaliruka. Dada alilichukua, akalifanya kiini cha sehemu kadhaa ambazo sisi tumelipia. Sasa anakusanya hela za kuchapa kitabu chenyewe, na jalada linahitaji uso wa binti. Tuseme kampa kazi mchoraji mwingine kabisa, kamlipa vizuri, mkataba upo. Huyo mpya alichore lile kovu au asilichore? Na akilichora, anayedai ni nani, na anamdai nani? Wanaosema mchoraji hana lolote waanzie hapo, na wanaosema mwandishi hana chake nao waanzie hapohapo.