Wauza madesa ya Kiingereza, "incredulously" SIYO "kwa namna isiyoaminika"!

Wakuu,

Hili limezidi sasa. Madesa ya msamiati yanazunguka mitandaoni yakidai incredulously ni "kwa namna isiyoaminika". Uongo! Hiyo ni incredibly. Mtoto wa watu anakariri, anaandika kwenye mtihani "The fare is incredulously high", anakatwa maksi, na aliyempotosha keshakula hela yake.

Kinachouma zaidi, sisi Waswahili hatuna kisingizio. Lugha yetu inatenganisha maana hizo kwa silabi moja tu: haamini na haaminiki. Haamini ni mtu, shaka iko moyoni mwake. Huyo ndiye incredulous. Haliaminiki ni jambo lenyewe. Hilo ni incredible. Nauli ina moyo gani wa kushuku?

Mzizi wake ni Kilatini, credere, yaani kuamini. Ndiyo Credo ile ile ambayo Wakatoliki wanaisali kwa Kiswahili kama Nasadiki. Credulus ni mwepesi wa kuamini, anayemeza kila anachoambiwa. In- inakanusha, -ly inatupa kielezi. Ukiisahau hiyo in- umepindua maana: credulously ni kwa kuamini upesi mno.

Neno hili linakaa na vitenzi vya kusema na kutazama, kama ask, say, stare, laugh. "You paid how much?" she asked incredulously: "Umelipa shilingi ngapi?" aliuliza, haamini masikio yake. He stared incredulously at the receipt: aliikodolea macho risiti, haamini anachokiona. Mnaona? Kiswahili kizuri hapo kinataka kitenzi, wala si lazima kutafuta kielezi cha kubandika. Ukikutana na kivumishi kama high au expensive, weka incredibly.

Na asije mtu kujitetea na Shakespeare. Ni kweli kwenye tamthilia yake ya Twelfth Night alitumia incredulous kwa jambo lisiloaminika, lakini imepita miaka 400 na ushee. Msahihishaji wa leo anapiga mkasi.

Matamshi nayo yanafundishwa ovyo. Mkazo uko silabi ya pili, in-KRE, siyo ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea kwenye maneno yetu.

Mnaouza madesa hayo, rekebisheni huo mstari kabla hamjachapa nakala nyingine. Na waliokwisha kununua, wapelekeeni sahihisho bure!