Nyama nyekundu ya Da Rehema

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa. Da Rehema ile picha uliyoweka status jana ni chakula gani? nyama nyekunduuu na tambi nene chini, nimeiangalia mara tatu

Da Rehema: Marahaba mdogo wangu. Inaitwa kokkinisto, kokkino kwa Kigiriki ni nyekundu. Chakula cha Jumapili hicho, bibi jirani yangu hapa Kypseli, mtaa wa Athens, ndo kanifundisha

Hamisi: si rosti tu hiyo

Da Rehema: Inakaribiana na rosti Hamisi ila harufu ni nyingine kabisa, haina tangawizi haina bizari haina pilipili. Kuna kijiti cha mdalasini na karafuu mbili tatu nzima humo kwenye nyanya, ukifunua sufuria utasema pilau alafu wali huuoni

Ba'mdogo Omari: Hiyo naijua. Nlipokuwa baharia kwenye meli za Wagiriki mpishi alikuwa anatupikia, siku nyingine anatia vitunguu vidogo vizima vizima na siki, hiyo anaita stifado. Na kule kisiwa cha Corfu, Ugiriki hukohuko, wanaipika kwa jogoo, inaitwa pastitsada, viungo vingi kweli, wale walitawaliwa na Venice ya Italia miaka 400 na zaidi mpaka 1797, na Venice ndo walikuwa wafanyabiashara wa viungo

Mama: Haya Rehema nieleze taratibu mwanangu, Jumapili nataka niwapikie hawa watoto

Da Rehema: Sawa mama. Nyama ng'ombe kilo moja, usichukue steki itakauka, chukua ya bega au shingo, kata vipande vikubwa uvifute maji kabisa. Kaanga kidogo kidogo kwa mafuta ya zeituni mpaka iwe kahawia, ukijaza sufuria nyama inatoa maji inachemka badala ya kukaangika. Toa nyama, tia vitunguu maji viwili na saumu, vikilainika weka vijiko viwili vya nyanya ya kopo ile nzito uikaange mpaka ibadilike rangi, hapo usikimbilie maji mama hapo ndo wekundu unapopatikana. Ndo urudishe nyama, nyanya za kusaga, mdalasini, karafuu, maji kidogo, moto mdogo saa mbili na usichokonoe chokonoe

Mama: Na divai? Mwanaidi kaangalia kwenye simu anasema wanatia divai

Da Rehema: Wao wanatia mama. Mimi natia kijiko cha siki na supu ya mifupa. Bibi nlimpelekea bakuli kala kimya alafu kakata mkate kapangusa sahani yote mpaka ikang'aa, nlifurahi jamani

[Jumapili]

Mama: Rehema uko wapi, iko motoni saa moja na nusu sasa, nyama imelainika ila mchuzi mwepesi na una uchachu

Da Rehema: Nipo mama. Tia sukari kidogo sana ncha ya kijiko, funua mfuniko uache ipungue. Bibi huwa anasema ibaki na mafuta yake tu, yani maji yote yaishe

Mama: Aa kumbe mpaka mafuta yajitenge! ungesema hivyo toka mwanzo, hiyo naijua toka kwa marehemu mama yangu

Mwanaidi: Nyumba nzima inanukia mdalasini. Tambi nshachemsha, jibini sijapata

Da Rehema: Sio lazima, huku wanakwangua jibini kavu juu lakini wengine wanakulia na chipsi

Hamisi: nakuja msimalize

Mama: 📷 Angalia pembeni ya sufuria mwanangu. Mafuta yamepanda

Da Rehema: Ndo yenyewe mama. Toa kile kijiti cha mdalasini kabla hujapakua

Ba'mdogo Omari: Mwanaidi nifunikie bakuli langu natoka msikitini nakuja moja kwa moja