Ushauri: Mazoezi ya kushuka na kupanda genge hapa Newala. Goti linaniuma na njia imewekwa miiba

KoroshoGhafi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Niko Newala mjini, umri unabisha hodi hamsini, kitambi kipo na presha imeanza kunichungulia. Daktari kaniambia nitembee. Kwa kuwa sisi huku tunakaa juu na bonde la Ruvuma liko chini yetu, nikaona nisihangaike kuzunguka uwanja wa mpira. Kuna kijia kinateremka gengeni, yaani kwenye mteremko huo mkali, mbele kidogo ya lile korongo kubwa la Shimo la Mungu, ambacho watu wa mashamba ya chini wanakitumia. Nikaanza na jirani yangu, wakaja walimu, wakaja vijana wa bodaboda. Sasa hivi Jumamosi alfajiri pale juu utadhani kuna mnada.

Yananitatiza haya. Goti la kulia linauma wakati wa kushuka, wala si kupanda, na siku ya pili yake mapaja yanakataa hata kuchuchumaa chooni. Halafu mwenye shamba la mikorosho ambalo kijia kinalikata katikati kaziba kwa miiba. Watu wakazunguka pembeni wakatoboa vijia vingine, mvua za msimu huu zimevichimba mpaka vimekuwa makorongo. Na juu ya yote, kuna bwana mmoja pale mtaani kaanza kutudai elfu moja kila kichwa, eti ya usafi. Risiti hakuna, usafi wenyewe hatujauona.

Sitaki ugomvi na mtu. Nataka njia ibaki wazi na goti lipone. Wajuzi karibuni.

MtuWaMtanda

Elfu moja kupanda mlima? Sisi Lindi tunapanda Mtanda bure, na ukifika juu unaitazama bahari. Hamia huku mkuu.

KoroshoGhafi

Nauli ya kufika Lindi ni zaidi ya elfu moja kaka.

SindanoTaratibu

Mleta mada, mimi ni muuguzi, kliniki ya presha na sukari ndiyo kazi yangu. Kwanza nikupongeze. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na genge hilo ukilipanda mara mbili tatu kwa wiki unazifikisha bila kutafuta jimu.

Lakini elewa kitu kimoja kuhusu huko kwenu. Mwenye mlima wa kawaida anaanza kwa kupanda. Akichoka anageuza, njia ya nyumbani ni mteremko. Ninyi mmeanza na mteremko, mwili ukiwa haujapata moto, halafu kazi ngumu inawasubiri wakati jua limeshatoka na bonde limeanza kuchemka. Ukishafika chini huna hiari, nyumbani ni juu. Ndiyo maana nakushauri usishuke mpaka chini. Shuka theluthi ya njia, geuza, panda. Ukiona umefika juu na bado una pumzi, rudia. Kwa mtindo huo unafanya mazoezi yale yale na muda wote uko karibu na watu. Saa tatu asubuhi ikukute umeshaoga.

Kipimo cha kasi ni mdomo wako. Ukipanda unaweza kusema sentensi nzima ila huwezi kuimba, uko sawasawa. Neno moja moja likianza kukatika, punguza. Usitegemee kuhesabu mapigo kama unatumia dawa za presha za jamii ya atenolol, kwa sababu zinayashusha mapigo na utadhani hujachoka. Kama unatumia dawa za kukojosha, kunywa maji kabla ya kutoka na beba mengine. Siku ukipima presha ukakuta 180 kwa 110 au zaidi, usipande, rudi kwa daktari. Kifua kikibana, au maumivu yakienda mkononi au tayani, simama hapo hapo na uombe msaada. Na ukifika juu usijitupe chini. Tembea dakika tano hivi mwili upoe, maana wengi wanaoanguka huanguka wakishasimama ghafla.

Goti sasa. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku ikivutwa, kama breki. Hiyo ndiyo inayoleta maumivu ya siku ya pili na ya tatu, hayo ni ya kawaida na yanapungua mwili ukizoea. Goti lenyewe linauma kwa sababu unapiga hatua ndefu na mguu umenyooka. Fupisha hatua, kunja goti kidogo, shika fimbo. Nyumbani panda stuli fupi au ngazi, kisha shuka kwa mguu mmoja polepole ukihesabu mpaka nne. Fanya hivyo wiki kadhaa. Goti likivimba au likikwama, hilo si la mtandaoni, nenda likaangaliwe.

BintiWaBondeni

Nimesoma nikacheka. Kabla maji ya bomba hayajafika kwetu, genge hilo mnaloliita mazoezi tulikuwa tunalipanda na ndoo kichwani kabla ya kwenda shule. Hakuna aliyetupongeza.

Muuguzi amesema vizuri, mimi naongeza ya mwenyeji. Msishuke kwa ncha ya mguu. Kwenye mchanga ule mwekundu weka kisigino kwanza, kichimbie, ndipo uhamishe uzito. Kwenye jiwe ni kinyume chake, weka unyayo wote, kwa sababu lile jiwe likipata umande linateleza. Raba zilizolika soli acheni nyumbani.

Halafu adabu ya njia. Aliyebeba mzigo hapishi mtu. Mama anayepanda na kuni au na debe la mihogo akisimama katikati ya mteremko, kuondoka tena ni kazi kuliko kupanda kote. Yeye ndiye anashika upande wa ndani, wewe unayeshuka mikono mitupu simama upande wa genge umwachie. Mama yangu mdogo alinieleza Jumamosi moja vijana wenu walimpita mbio huku na huku mpaka kata ya kichwani ikamdondoka. Tena wana spika. Spika saa kumi na mbili asubuhi gengeni, jamani!

KoroshoGhafi

Dada hilo la spika nimelipokea, nawajua ni akina nani. Mama mdogo mwombe radhi kwa niaba yetu.

MzeeWaSalfa

Miiba hiyo si yangu, shamba langu liko mbali na hapo. Ila lingekuwa langu ningeweka na mbwa.

Vijana wa mjini mnaona kijia, sisi tunaona chini ya mkorosho. Mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili korosho haichumwi, inaanguka yenyewe, tunaiokota chini. Ndiyo maana tunafyeka na kufagia chini ya mti mpaka pawe peupe. Sasa wapite watu arobaini wasiojulikana asubuhi kabla mwenyewe hajafika kuokota. Utajuaje nani kachukua mabibo tu akatafuna, na nani kajaza mfukoni? Simsingizii mtu wizi. Nasema mwenye shamba hana njia ya kujua, na kilo moja kwake ni hela ya mnadani.

La pili hamjaliwaza kabisa. Mikorosho ikianza kuchanua tunapuliza salfa, kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Salfa ya vumbi inapulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande ili vumbi lishike. Ni saa zenu hizo hizo. Mtu anapumua kwa nguvu kupanda mlima halafu anaingia kwenye wingu la salfa, macho yanawaka na kifua kinakaza. Mwenye pumu si ataishia hospitali? Na akianguka, lawama zinakuja kwa mwenye shamba. Mimi nadhani huyo mzee wa miiba ameona mbali.

SindanoTaratibu

Mzee umesema kweli tupu, mimi sikuliwaza hilo la salfa. Wenye pumu msipite kwenye mashamba siku za kupuliza, hata kama barakoa mnayo.

MtendajiMstaafu

Nimekuwa mtendaji wa kijiji kisha wa kata, miaka mingi tu. Nitajibu la njia na la elfu moja.

La elfu moja ni fupi. Mtaa hautungi sheria ndogo wala haujitungii ushuru. Ushuru unatokana na sheria ndogo za halmashauri, na unalipwa kwa risiti ya mashine. Mwambieni huyo bwana kwa upole kwamba mko tayari kulipa akionyesha sheria ndogo na mashine. Msimtukane. Nendeni kwa mtendaji wa mtaa mkaulize, yatakwisha.

La njia linataka subira. Kwanza jueni kijia kinapita ardhi ya nani. Huko juu ni mji, chini ni kijiji, kwa hiyo mna wenyeji wawili. Kwa upande wa kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mambo makubwa yanapita mkutano mkuu wa kijiji. Sasa msiende pale kama klabu ya mazoezi ya watu wa mjini kudai haki. Nendeni na hao akina mama wa kuni. Wao ndio wenye njia. Njia iliyopitwa na bibi zao ina mashahidi. Yenu ya Jumamosi haina.

Ombeni kijiji kiwakutanishe na mwenye shamba. Atembee nanyi, wazee wawepo, muone njia ya zamani ilipita wapi hasa. Mara nyingi utakuta njia ilikuwa kando ya mpaka, mikorosho ikapandwa, watu wakakata katikati. Mkikubaliana, andikeni muhtasari, watu watie sahihi, nakala ibaki kwa mtendaji. Baadaye kijiji kikitaka kinaweza kuweka sheria ndogo ya njia hiyo, saa za kupita, kufunga wakati wa masika, na ikapelekwa halmashauri kupitishwa. Mkishindwana kabisa lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba na watatu kati yao wanawake, kazi yao ni kusuluhisha. Ila ukishafika barazani na jirani yako, hata ukishinda hutapita kwenye shamba lake kwa raha. Jaribuni kumaliza kwenye mkeka.

JabaliLaMasasi

Sisi Masasi milima yetu ni mawe, Mkomaindo na Mtandi, maji yanateleza juu ya jiwe hayana cha kuchimba. Kwenu ni mchanga. Hata mkipatana na mwenye shamba, hayo makorongo yatawanyima njia msimu ujao.

Vijia vya pembeni vifungeni kwa matawi, juu na chini, nyasi ziote. Kwenye njia kuu wekeni makinga maji. Mnapanga mawe kukata njia kwa mshazari, si moja kwa moja, ili maji yatoke yaende vichakani kabla hayajapata mbio. Panapokuwa pakali sana yakaribianishe. Msitumie magogo, mchwa watayala. Fanyeni sasa ardhi ikiwa bado na unyevu kidogo, baadaye itakuwa ngumu, jembe linadunda. Na mkifyeka pembeni angalieni upupu, wakati huu maganda yake yanaanza kukauka.

MtuWaMtanda

Upupu ukikushika usijikune na usikimbilie maji. Pakaa majivu makavu, pangusa. Nimesoma kwa vitendo.

BodaWaNewala

Mimi ni mmoja wa hao vijana. Tuseme ukweli, kwa nini tufanye kazi ya barabara bure? Halmashauri ipo. Watengeneze, waweke na ngazi za saruji kama kweli Shimo la Mungu ni kivutio.

MtendajiMstaafu

Wakitengeneza ngazi za saruji kijana, siku ya pili yake kuna geti na kibanda cha tiketi. Na hapo risiti itakuwepo.

BodaWaNewala

Hapo umenipata mzee. Jembe nitaleta.

KoroshoGhafi

Wakuu nawashukuru. Nimeonana na mwenye shamba, dada wa bondeni amenisaidia kumfikia kupitia kwa mjomba wake. Hakuwa mkali nilivyomtegemea. Miiba aliweka kwa sababu ya vijia vya pembeni, kuna miche ya mikorosho ya mwaka huu imekanyagwa, nimeiona mwenyewe, mmoja umekatika shingoni kabisa. Anasema njia ya zamani anaijua, ipo kando ya mpaka, imemezwa na vichaka. Tukiifyeka na kufunga hivyo vijia vingine ataondoa miiba. Masharti yake: wiki za kupuliza salfa atanipigia simu usiku wa kuamkia, hatupiti. Oktoba hadi Desemba hakuna kupita kabisa kwa ajili ya mazoezi, wenye mizigo tu. Nimekubali, ingawa wenzangu wengine wananuna kwamba miezi mitatu ni mingi. Miezi hiyo tutazunguka uwanja.

Miche iliyokufa tutamlipia, tumeanza kuchangishana. Mtendaji wa kijiji ametupa siku ya kukutana na wazee. Yule wa elfu moja hajaonekana tangu tuulize mashine.

Goti bado, ila hatua fupi zimesaidia. Stuli naishukia mbele ya watoto, wananihesabia.

Kufyeka ni Jumamosi hii, saa kumi na mbili kamili, tukutane pale juu. Tunahitaji mapanga, majembe na mtu anayejua kupanga mawe. Mkuu wa Masasi, kama unaweza kuja, chakula kipo, ming'oko na chai.

JabaliLaMasasi

Kwa ming'oko nakuja. Nitalala Ijumaa kwa shemeji yangu hapo Newala.

TandahimbaKwetu

Nimechelewa kuuona uzi. Sisi wa Tandahimba tunaruhusiwa kuja kupanda?

BintiWaBondeni

Njooni. Spika acheni huko huko.