Tupeane uzoefu: filamu ya Ray ilikugusa wapi?

Wakuu, nimeirudia Ray, ile ya 2004 iliyompa Jamie Foxx tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Ray Charles, mwanamuziki kipofu wa Marekani. Nyingi ya nyimbo mle ni sauti ya Ray mwenyewe, aliyefariki Juni mwaka huohuo kabla filamu haijatoka. Uigizaji tuuache. Nawataka waliopitia yanayofanana: upofu, msiba, unga (dawa za kulevya).

—

Mimi ni pale Ray mdogo anaanguka ndani, anamwita mama, na mama amesimama palepale kimya, machozi yanamtoka. Mdogo wangu alipofuka akiwa darasa la pili. Tulimfanyia kila kitu, hadi kumvalisha viatu. Bibi ndiye aliyekataza: mwacheni atafute mlango mwenyewe. Tulimwona katili. Leo dogo anapanda daladala peke yake na anafundisha shule ya msingi. Nilipomwona yule Ray mdogo akimsikia nyenje na kumkamata, nilimpigia bibi simu usiku huohuo.

—

Mpe bibi shikamoo yangu. Dogo mwenyewe anaionaje?

—

Anaisikiliza, kisha ananisimulia vitu ambavyo mimi sikuvisikia.

—

Mimi siimalizi. George, mdogo wake Ray, anapozama kwenye beseni la kufulia, nazima. Nilifiwa na pacha wangu ziwani, Bukoba. Yale maji yanayomjia Ray ukubwani kama njozi, anapotia mkono ndani ya sanduku la nguo, aliyeyaandika anajua.

—

Pole sana ndugu yangu.

Kwetu ilikuwa unga. Ray alikamatwa na heroini Boston mwaka 1964, na filamu inamwonyesha akiacha kwa kuvumilia tu. Ile arosto ya hospitali, yale mateso ya kukosa unga, kutetemeka, kutapika, shuka kulowa jasho, ni yenyewe kabisa. Ila kaka yangu alijaribu hivyohivyo, mama kafunga mlango kwa nje, na alipotoka akarudi kijiweni. Kilichomwokoa ni methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ya Muhimbili, iliyoanza kutolewa 2011. Kila asubuhi alikunywa dozi mbele ya muuguzi. Mwenye mgonjwa asiifanye filamu kuwa tiba.

—

Dada, ni bei gani? Na sisi wa mikoani?

—

Ni bure. Vituo vipo Mwanza, Mbeya, Dodoma na Tanga pia. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, nenda naye mwenyewe, usimtume peke yake.