Mwanamke anavuja damu mpaka anaanguka, mnampa Panadol na kumwambia "ni kawaida ya wanawake"?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha. Uzi ni mrefu. Asiyetaka kusoma habari za hedhi apite, ila kama ndani ya nyumba yako kuna mke, dada au binti, kaa usome mpaka mwisho.

Mke wangu akiingia kwenye siku zake, nyumba inasimama. Sizungumzii yale maumivu ya kunywa chai ya tangawizi yakapita. Nazungumzia mtu anayevaa pedi mbili kwa pamoja, anatandika na khanga iliyokunjwa mara nne, na bado baada ya saa moja anaamka kwenda bafuni huku anashika ukuta. Mabonge ya damu yanatoka makubwa kama ini la kuku. Anatapika. Analala sakafuni amejikunja, maana anasema sementi ya baridi inamtuliza mgongo, na pia anaogopa kuharibu godoro. Mimi kazi yangu inakuwa kujaza chupa ya maji ya moto, kufua khanga na kumlazimisha anywe hata uji.

Hali hiyo imekwenda miaka, na miaka yote tumezunguka. Duka la dawa la mtaani, zahanati, kituo cha afya, mpaka hospitali za kulipia. Jibu moja kila mahali: "Ni kawaida ya wanawake, dada. Ukizaa yataisha." Anaandikiwa Panadol, siku wakimwonea huruma anachomwa sindano ya diklofenaki, anaitwa mgonjwa mwingine.

Hakuna hata mmoja aliyemtoboa kidole akampima wingi wa damu!

Hiki ndicho kinachonikera kuliko vyote. Kipimo cha wingi wa damu ni tone moja tu kutoka kwenye ncha ya kidole. Zahanati za vijijini wanacho, mjamzito anapimwa kliniki bila hata kuomba. Sasa mwanamke anayekaa mbele yako na kukwambia kwa mdomo wake kwamba anajaza pedi kila saa, kila mwezi, miaka nenda rudi, yeye humpimi kwa sababu gani? Kwa sababu hana mimba?

Kuna hospitali moja hapa Dar tulikaa kwenye foleni tangu asubuhi. Alikuwa amevaa gauni jeusi makusudi na khanga kiunoni. Jina lake likaitwa, akasita kunyanyuka. Nesi akaita tena kwa sauti ya juu, "Wewe dada, huna miguu?" Akanyanyuka, na lile benchi la plastiki likabaki na damu. Watu wote kwenye korido wakaangalia. Nikachukua khanga nyingine kwenye mfuko nikafuta. Nesi anasema nini? "Si ungejisitiri vizuri kabla ya kutoka nyumbani." Amevaa pedi mbili huyo! Kuingia kwa daktari, swali la kwanza: "Mna watoto?" Bado. "Basi zaeni." Nikauliza kwa heshima kabisa kama anaweza kufanyiwa altrasaundi tujue tatizo liko wapi. Nikaambiwa, "Baba, subiri nje, haya ni mambo ya akina mama."

Mambo ya akina mama? Anayemshika asianguke bafuni saa nane za usiku ni nani?

Ikafika hatua mke wangu akawa anatafuna barafu na mchele mbichi. Mawifi zake wakafurahi, wakaanza kunong'ona kwamba hatimaye ameshika mimba. Kumbe kutamani barafu, udongo au mchele mbichi ni dalili inayojulikana ya mwili uliopungukiwa madini ya chuma. Viganja vilikuwa vimekuwa vyeupe, ukivuta kope la chini ndani hakuna wekundu, ngazi chache tu anahema na moyo unamwenda mbio. Nililisema hili kwa wahudumu. Nikaambiwa apumzike, ale mchicha.

Akaanguka kazini. Ni keshia, anasimama kaunta siku nzima, na kwenda chooni ni mpaka aombe ruhusa na atafutwe wa kumshikia nafasi. Safari hii alipokelewa na daktari kijana, dada mmoja mtulivu, akampima kabla hata ya kuuliza mengi. Wingi wa damu: 6.1. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu, na ikishuka chini ya 8 hiyo inahesabiwa kuwa ni upungufu mkali. Yule daktari akamtazama akamuuliza, "Dada, umekuwa ukifanyaje kazi?" Mke wangu akaanza kulia. Alilia kwa sababu ni mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe amemwamini.

Akaongezewa damu. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, na mmoja umeota kwa ndani, pale pale kwenye ukuta unaotoa damu ya hedhi. Daktari akatueleza kwamba uvimbe wa kukaa sehemu hiyo, hata ukiwa mdogo, ndio unaoongoza kwa kumwaga damu, na unaweza pia kuzuia mimba isitunge. Sasa rudini kwenye lile jibu la "zaeni yataisha." Tuzae vipi wakati kinachozuia kuzaa ndicho hicho hicho mlichokataa kukitazama? Na kuzaa si tiba ya uvimbe. Endometriosisi nayo, ule ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya kizazi zinaota nje yake, haiponi kwa kuzaa. Shirika la Afya Duniani linasema endometriosisi peke yake inawapata karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wote hao ni wa kuambiwa wavumilie?

Mambo haya yanafahamika, hayahitaji profesa kutoka Ulaya. Kujaza pedi kila saa moja au mbili kwa saa kadhaa mfululizo, kutoka damu zaidi ya siku 7, mabonge yanayozidi sentimita 2.5, kuamka usiku kubadilisha, kulazimika kuvaa mbili kwa pamoja: hizo ni dalili kwamba damu imezidi na kuna kinachotakiwa kutafutwa. Inaweza kuwa uvimbe, homoni, tezi ya shingo, au damu yenyewe kushindwa kuganda vizuri, hasa kwa binti ambaye amevuja sana tangu alipovunja ungo.

Na dawa zipo. Kuna vidonge vya traneksamiki asidi, vinamezwa siku zile za damu nyingi tu na vinapunguza kiasi kinachotoka. Mke wangu hakuwahi hata kuvisikia mpaka alipofika kwa yule daktari. Dawa kama ibuprofeni zinazuia kutengenezwa kwa prostaglandini, kemikali inayokibana kizazi na kuleta yale maumivu, ndiyo maana zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, baada ya kula, kuliko kusubiri mpaka mtu anagaagaa. (Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au matatizo ya figo amuulize daktari kwanza. Na aspirini iacheni kabisa, inaongeza kuvuja.) Kuna kitanzi cha homoni, kinapunguza hedhi sana. Lakini kuna mhudumu aliwahi kumwambia mke wangu "weka kitanzi tu" bila kufafanua ni kipi, na kile cha shaba kwa kawaida kinazidisha damu na maumivu. Angekiweka angekuwa wapi leo?

Vidonge vya madini ya chuma nako hakuna aliyemweleza chochote. Anakabidhiwa dirishani kwenye bahasha, anakwenda kuvimeza na chai ya rangi, na chai inazuia chuma kisinyonywe mwilini. Vimezwe mbali na chai na kahawa, na chungwa au juisi ya ndimu inasaidia. Sentensi mbili tu hizo. Mfamasia alishindwa nini kuzisema?

Nikija kwa ndugu na majirani, hasira inapanda upya. Shangazi yangu ninayemheshimu alileta chupa ya dawa ya chango, nikapokea kwa adabu na kuiweka. Lakini hawa wanaouza mtandaoni "dawa ya kusafisha kizazi", ya kuweka ukeni, ya kujifukiza, ya "kuyeyusha uvimbe bila kisu", hawana undugu na mtu. Wanamuuzia mwanamke mwenye damu 6 matumaini, anakaa miezi akisubiri uvimbe uyeyuke, siku ya kufika hospitali anafika kwenye machela. Na wale wa jini mahaba ndio wabaya kuliko wote. Mke wangu aliambiwa ana mume wa kijini asiyetaka azae. Mwanamke mgonjwa, hana nguvu hata ya kubeba ndoo, unamwongezea na hofu ya kulala.

Kwa mwajiri ni hayo hayo. "Kila mwezi unaumwa, kwani wenzako si wanawake?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi ana cheti cha daktari. Cheti atakipata wapi kama daktari anaandika "kawaida"? Jirani zetu Zambia sheria yao inampa mwanamke siku moja kila mwezi bila kuleta karatasi ya mtu yeyote.

Na pedi zenyewe. Pakiti ya vipande 8, mtu anayebadilisha kila saa mbili haimtoshi hata kwa saa 24. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei kwa mlaji haikushuka. Kama wafanyabiashara walikula tofauti, kwa nini adhabu akapewa mwanamke?

Wanaume wenzangu, nimesoma vichekesho vyenu humu kuhusu wake zenu "kujidekeza" siku zao. Nendeni nao hospitali. Ingia naye chumbani, mkiulizwa ni nani sema ni mume, na yeye akiridhia usitoke. Andika kwenye simu tarehe alizoanza na kumaliza, pedi alizobadilisha, mabonge. Yule daktari kijana aliponiomba historia nilimpa simu akasoma miezi yote mfululizo, akaniambia imemrahisishia kazi. Dai kipimo cha wingi wa damu kwa kukitaja. Wakisema si lazima, waombe waandike kwenye faili kwamba mgonjwa amelalamika kuvuja damu nyingi na hawakuona haja ya kumpima. Mimi nilifanya hivyo mahali pamoja baada ya yeye kuanguka kazini, karatasi ya maabara ikatoka hapo hapo.

Sasa hivi damu yake imepanda, tumepangiwa upasuaji wa kutoa uvimbe na kuacha kizazi. Anaogopa, na mimi naogopa, ameshachoka kubebwa huku na huko na watu wanaomwona anadeka.

Waliopitia upasuaji huu naomba waje watuambie: mlikaa wodini muda gani, mlirudi kazini baada ya muda gani, mlitayarisha wachangia damu wangapi, na gharama ilifika wapi kwa mwenye bima na asiye na bima. Manesi na madaktari mliomo humu, nataka kusikia kutoka kwenu kwa nini kipimo cha kidole hakifanyiki kwa mwanamke anayelalamika damu. Mwenye habari za jini mahaba asiniandikie kabisa.