Naomba ushauri: nyuzi za raketi na kiwiko kinachouma

Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora, nina miaka 44, nacheza tenisi mara tatu kwa wiki kwenye kiwanja cha sementi. Raketi yangu ni ya mtumba, niliagiza Dar ikaja kwa treni. Ilikuja na nyuzi za poliesta zilizokazwa pauni 58, ngumu kama waya wa kuanikia nguo. Mwezi wa pili sasa nikipiga bekihendi (pigo la mgongo wa mkono) kiwiko kinawaka. Asubuhi hata kunyanyua birika la chai ni shughuli.

Mwenzangu anasema nihamie nailoni yenye unene wa milimita 1.30, mkazo pauni 50. Ni laini, sikatai, ila mimi nauzungusha sana mpira, nyuzi zinasagana mpaka zinakatika. Na fundi wa kusuka sijampata huku, kila ikikatika ni kuituma Dar tena. Je, nichanganye, poliesta za wima na nailoni za mlalo? Au nibaki na poliesta nishushe mkazo tu?

Halafu mipira: kopo likishafunguliwa, wiki mbili imeshalala, haidundi vizuri. Aliyetumia ile isiyo na gesi, haizidishi maumivu ya mkono?

(Msiniambie nipumzike, mke wangu keshasema.)